Kwa nini gavana wa Democratic alimvika mpinzani wake joho la ujaji wa rufani? Miaka ya Arizona ya Sandra Day O'Connor

#1 Kalamu Nyekundu

Salaam kwenu nyote. Kila anapotajwa Sandra Day O'Connor, simulizi huanzia Julai 1981, Rais Reagan alipomtangaza kuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani, kana kwamba aliokotwa njiani. Naomba sisi tubaki Arizona, katika miaka 12 iliyotangulia, kwa sababu humo ndimo lilimo swali linalonisumbua.

Mwaka 1969 viongozi wa kaunti ya Maricopa walimteua kujaza kiti cha Seneti ya jimbo kilichoachwa wazi na Isabel Burgess, aliyekuwa amepata kazi Washington katika bodi ya usalama wa usafiri. Akakitetea kiti hicho kwa kura mwaka 1970 na tena 1972, na 1973 akawa kiongozi wa wengi, yaani wa chama chenye viti vingi, nafasi ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameishika katika Seneti ya jimbo lolote la nchi ile. Mwaka 1974 aliiacha Seneti, akagombea ujaji katika mahakama ya kaunti inayosikiliza kesi tangu mwanzo, akashinda. Kisha, mwishoni mwa 1979, Gavana Bruce Babbitt akamteua kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Arizona.

Hapo ndipo ninapokwama. Babbitt ni mtu wa Democratic. O'Connor ni mtu wa Republican, tena mwenye jina. Mwaka 1978 wakubwa wa chama chake walimshawishi agombee ugavana dhidi ya Babbitt huyohuyo, naye akakataa. Haujapita muda mrefu, gavana anampa joho. Dai langu ni kwamba Babbitt alikuwa akifagia uwanja kabla ya uchaguzi wa 1982, kwa kuwa jaji hapandi jukwaani, na mwenye tonge kinywani hapigi kelele. Anayeona vinginevyo alete hoja.

#2 Wakili wa Tudor

Dai lako ni tamu, Kalamu, lakini limeruka kidato kimoja. Mwaka 1974 wapiga kura wa Arizona walibadilisha katiba yao, na tangu hapo gavana hateui jaji wa rufaa kwa kumtazama usoni. Kuna tume ya mawakili na wananchi wa kawaida inayopokea maombi, inawahoji waombaji, kisha inampelekea gavana majina yasiyopungua 3 kwa kila kiti, na yasiwe yote ya chama kimoja. Gavana analazimika kuchagua ndani ya orodha hiyo, na akikaa nayo siku 60 bila kuamua, Jaji Mkuu wa jimbo ndiye anayeteua. Kwa hiyo O'Connor alilazimika kwanza aombe, ahojiwe na apite. Babbitt hakumfuata nyumbani na joho mkononi.

Sisi Kenya tumeionja ladha ya utaratibu unaofanana na huo, ila tume yetu hupeleka jina moja kwa kiti kimoja, na rais hatarajiwi kuchambua. Mnajua yaliyotokea Juni 2021: majina 40 yalikuwa mezani, 34 yakateuliwa, 6 yakaachwa, na hao 6 wakasubiri mpaka Septemba 2022 alipoingia rais mwingine. Arizona inampa gavana nafasi ya kuchagua na saa ya ukutani kwa pamoja, na nadhani ndiyo maana wao hawana mvutano wa namna ile.

Kuna la ziada ambalo mleta mada hakuligusa. Miongoni mwa waliousukuma utaratibu huo bungeni alikuwamo Seneta O'Connor mwenyewe.

#3 Kalamu Nyekundu

Asante, Wakili. Kwenye utaratibu nimesahihishwa, kwenye nia bado. Orodha ya majina 3 ni majina 3, na katika hayo alichagua la mpinzani.

Mumwangalie pia Babbitt alivyoingia madarakani. Arizona haikuwa na naibu gavana. Oktoba 1977 Gavana Raúl Castro aliondoka kwenda kuwa balozi Argentina, akarithiwa na Katibu wa Jimbo, Wesley Bolin. Machi 1978 Bolin akafariki, na kwa kuwa Rose Mofford aliyeshika ukatibu wakati huo alikuwa wa kuteuliwa, si wa kuchaguliwa, zamu ikamwangukia Mwanasheria Mkuu, ambaye ndiye Babbitt. Mtu aliyeupata ugavana kwa misiba na safari za wenzake hawezi kuwa na usingizi mzito. Novemba mwaka huo alimshinda Evan Mecham, ndiyo, lakini Mecham hakuwa O'Connor.

#4 Bi Shuwari

Nami naomba kusahihisha jambo moja dogo kabla halijaota mizizi. Kwenye nyuzi nyingi watu huandika kwamba O'Connor ndiye aliyefungua njia ya kutoka bungeni kwenda mahakamani kwa wanawake wa Arizona. Siyo. Lorna Lockwood alikuwa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, akawa jaji wa Maricopa mwaka 1951, akaingia Mahakama ya Juu ya Arizona 1961, na 1965 akawa Jaji Mkuu wake, mwanamke wa kwanza kuongoza mahakama ya juu ya jimbo lolote la Marekani. Hata baba yake, Alfred Lockwood, alikuwa Jaji Mkuu wa hapohapo. Mwaka ambao Lockwood anaongoza mahakama ile, O'Connor ndiyo kwanza anaanza kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, baada ya miaka kama mitano ya kukaa nyumbani na watoto wake watatu wa kiume.

Kwa hiyo mnapomhesabu Babbitt akili, kumbukeni kwamba jimbo lile lilikuwa limezoea kumwona mwanamke mwanasiasa akivaa joho. Halikuwa jambo la kushtua.

#5 Kalamu Nyekundu

Bi Shuwari, shikamoo, na asante. Hilo la Lockwood sikulijua.

#6 Nyikani

Ninaishi Phoenix mwaka wa 14 sasa na nimeshapiga kura hapa mara kadhaa, kwa hiyo niongeze kile ninachokiona kwa macho. Jaji akishateuliwa kwa utaratibu aliouelezea Wakili, haachiwi hivihivi. Baada ya muda jina lake huletwa kwa wananchi. Karatasi ya kura huja kwa posta. Upande wa kwanza kuna rais, maseneta na vurugu zote mnazozijua. Ukiigeuza, unakutana na majaji, safu kwa safu, na mbele ya kila jina kuna viduara viwili, Ndiyo na Hapana. Hakuna chama, hakuna picha, hakuna mpinzani. Mara ya kwanza nilikaa mezani jikoni saa nzima na kijitabu cha tathmini ya majaji, kalamu nyeusi mkononi, hadi mke wangu akaniuliza kama nafanya mtihani wa marudio. Tathmini hiyo ilitokana na mabadiliko ya katiba ya 1992. Mwaka 2024 yaliletwa mapendekezo ya kuziondoa kura hizo za mara kwa mara, na wananchi wakayakataa kwa kishindo.

Sasa kichekesho. Mwaka uleule wa 1974 ambao wananchi walipitisha uteuzi kupitia tume, O'Connor alikuwa mtaani Maricopa akiomba kura za ujaji. Aliyepigania majaji wasichaguliwe kwa kampeni aliingia mahakamani kwa mlango wa kampeni, mara ya mwisho kabla haujafungwa.

#7 Pweza Mkavu

Ndiyo maana waswahili tunasema mganga hajigangi.

#8 Hakimu Mstaafu

Vijana, mnazungumza sana kuhusu gavana na kidogo kuhusu jaji. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 26, na ninaona jibu linaweza kupatikana pale chini, katika ile miaka ya mahakama ya kaunti.

Magazeti ya 1981 yalieleza kesi moja ya mama mwenye watoto wawili wadogo, aliyekiri kutoa hundi hewa zenye jumla ya dola 3,500. Mume alikuwa amemtelekeza, na mama yule aliomba ahurumiwe kwa ajili ya watoto. Jaji O'Connor alimhukumu kifungo cha kati ya miaka 5 na 10. Kisha akaingia ofisini kwake, akalia.

Wapo watakaocheka. Mimi sicheki, kwa sababu nilipata kumfunga kijana miezi sita kwa mbuzi wa jirani, huku mama yake ameketi benchi la mbele ameshika chupa ya uji aliyomletea. Wazee wa baraza walikuwa wametoa maoni yao, ushahidi ulikuwa umekamilika, na mimi nikasoma hukumu bila kukwama. Nilipomaliza nilitoka nyuma ya jengo, nikainama chini ya mwembe kana kwamba natazama upepo wa gurudumu la baiskeli yangu. Karani alinifuata, akaona, akarudi ndani bila kusema neno. Machozi ya hakimu hayaingii kwenye jalada.

Ninachotaka kusema ni kwamba Babbitt alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo tangu 1975 hadi alipokuwa gavana. Mtu wa cheo hicho anajua ni jaji gani anakuja amesoma jalada na ni yupi anayelisoma akiwa kitini. Anapoletewa majina 3, na moja analifahamu kwa kazi, kwa nini asichukue hilo? Si kila jambo la kiongozi ni mtego.

#9 Pweza Mkavu

Mzee wangu, shikamoo. Siwezi kukucheka wewe, lakini miaka 5 hadi 10 kwa dola 3,500, halafu kulia? Yule mama angeyapokeaje machozi hayo? Kwetu hayo tungeyaita ya mamba.

#10 Hakimu Mstaafu

Marahaba. Mamba hulia akiwa anakula, mwanangu. Yeye alilia baada ya kushika sheria iliyoandikwa na bunge ambalo miaka michache tu nyuma alikuwa mmoja wa viongozi wake. Fikiria hilo kabla hujalala.

#11 Mrasimu

Bandiko la Mzee limenigusa pahali. Kazi yangu ni kuandaa sheria ndogo katika halmashauri, na ninachokipenda kwa O'Connor ni kisa ambacho wengi hukipita haraka: akiwa Seneti alipata kuleta hoja ya marekebisho kwa ajili ya kuongeza alama moja ya mkato iliyosahaulika katika muswada. Marekebisho yote yalikuwa ni mkato huo tu.

Mnaweza kuliona ni jambo la kichekesho mpaka liwakute. Sisi tulipata kupitisha kifungu kilichosema ushuru utatozwa kwa “mbao na fremu zilizopigwa randa”. Nia ilikuwa mbao zote zitozwe, na fremu zile tu zilizopigwa randa. Mfanyabiashara mmoja akafika kwenye kizuizi na lori la mbao mbichi kutoka msumenoni, akamfungulia mkusanya ushuru ukurasa na kumwonyesha kwa kidole: mbao zangu hazijapigwa randa. Alikuwa sahihi kabisa. Mkato mmoja baada ya neno “mbao” ungetosha, na hatukuuweka. Tulikaa karibu miezi mitatu tukiyatazama malori yakipita bure, huku kila ofisi ikiisukumia nyingine lawama, na mwisho lawama ikatua kwangu.

Mtu anayesimama mbele ya maseneta 30 na kudai mkato, ilhali wenzake wanataka kwenda kula, ndiye unayemtaka katika mahakama ya rufani. Kule hakuna mashahidi wala kulia kizimbani. Kuna majaji watatu, kumbukumbu za kesi, na kazi ya kuamua neno lina maana gani. Naye alikuwa ameziandika sheria nzito: alishiriki kufuta ile iliyomkataza mwanamke kufanya kazi zaidi ya saa 8 kwa siku, na ile iliyompa mume peke yake usimamizi wa mali waliyochuma pamoja. Maelezo yangu, basi, ni mepesi kuliko ya Kalamu: walihitaji mtu wa maandishi, wakampata.

#12 Kalamu Nyekundu

Mrasimu, sina neno la kupinga kisa cha mkato, lakini umejibu swali la kwa nini alistahili. Mimi niliuliza kwa nini gavana alitaka. Wanaostahili huwa wengi kuliko viti.

#13 Mzee wa Ilala

Niongeze uwezekano mwingine ambao haumhusu mpinzani wala mkato. Mwaka huohuo wa 1979 Rais Carter alimwondoa Mary Schroeder katika Mahakama ya Rufani ya Arizona, alikokuwa tangu 1975, akampandisha mahakama ya rufani ya shirikisho. Akiondoka mwanamke, gavana yeyote mwenye macho atajiuliza kama ataiacha nafasi ile irudi kuwa ya wanaume watupu. Carter alikuwa wa Democratic kama Babbitt, na wakati ule alikuwa akiteua majaji wanawake kwa wingi usiowahi kuonekana. Upepo wa chama ulikuwa unavuma upande huo, na katika orodha Babbitt akaona jina la mwanamke ambaye hata wapinzani wake wangempigia makofi. Unapata sifa pande mbili kwa saini moja.

#14 Pweza Mkavu

Nyote mmekosea, jibu limo majini. Kiangazi cha 1979 Jaji Mkuu wa Marekani, Warren Burger, alikwenda kupumzika katika ziwa Powell, kwenye boti kubwa ya kulala, na miongoni mwa wageni wa boti ile walikuwamo bwana na bibi O'Connor. Miezi michache baadaye huyo bibi ni jaji wa rufani. Hamwoni?

#15 Wakili wa Tudor

Tunaona, Pweza, na tunaona pia kwamba umevua samaki wa bahari nyingine. Mambo ya boti ni kweli, lakini Jaji Mkuu wa shirikisho hana kauli yoyote juu ya kiti cha mahakama ya jimbo, wala gavana wa Democratic hakuwa akingoja ushauri wa Burger, aliyewekwa pale na Nixon. Boti hiyo ihifadhi kwa swali la 1981. Jaji Potter Stewart wa Mahakama ya Juu alipotangaza kustaafu Juni mwaka huo, Burger alikuwa mmoja wa waliompigia debe O'Connor, na mwingine alikuwa William Rehnquist, jaji wa mahakama hiyohiyo aliyesoma naye sheria Stanford.

Hapo tuongeze kwamba Reagan alikuwa ameahidi katika kampeni, Oktoba 1980, kumpa mwanamke moja ya nafasi za mwanzo zitakazopatikana. Ahadi ilikuwapo, ilikuwa inatafuta jina.

#16 Pweza Mkavu

Wakili umesahau kusema kwamba Rehnquist hakusoma naye tu. Alimposa kwa barua, akakataliwa, na barua yenyewe haikujulikana hadharani mpaka 2018. Mwanamume akikataliwa posa halafu bado akakupigia debe miaka karibu 30 baadaye, huyo ni muungwana.

#17 Bi Shuwari

Au hakuwahi kupona.

#18 Msomi wa Kando

Naomba turudi rufani, maana tumeshapanda boti na kuingia kwenye posa. Miezi yake katika mahakama ile haikufika 24, na huwa inafungiwa katika sentensi moja. Aliandika maamuzi 29. Mengi ni ya mambo ya kila siku: fidia za wafanyakazi walioumia kazini, talaka, rufaa za jinai, ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji. Ukiyatafuta ili upate msimamo wake juu ya mambo makubwa ya katiba, unatoka mikono mitupu, na wapo wanaoamini kwamba huo ndio uliokuwa mtaji wake mwaka 1981, kwa kuwa hapakuwa na cha kumshikia.

Kuna maandishi mengine, hata hivyo. Mwaka huohuo wa 1981 alichapisha makala katika jarida la sheria la chuo cha William and Mary, akieleza uhusiano wa mahakama za shirikisho na za majimbo kwa jicho la jaji wa jimbo. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba jaji wa jimbo akishalisikiliza suala la katiba kikamilifu na kwa haki, mahakama ya shirikisho isiwe na haraka ya kulirudia, kwani mtu havuki mto akawa na akili zaidi kwa sababu tu sasa joho lake ni la shirikisho. Watu wa Reagan, ambao wimbo wao ulikuwa kurudisha madaraka majimboni, waliisoma vizuri.

#19 Wakili wa Tudor

Msomi, nakubali kuhusu makala, ila hili la kwamba hapakuwa na cha kumshikia nalipinga. Hapakuwa nacho mahakamani, bungeni kilikuwapo. Mwaka 1970, akiwa katika kamati ya Seneti, alipiga kura kuunga mkono muswada wa kufuta adhabu ya jinai kwa utoaji mimba, na wapinga utoaji mimba walimfuata na kura hiyo mpaka Washington. Mchungaji Jerry Falwell akasema kila Mkristo mwema awe na wasiwasi. Seneta Barry Goldwater, Republican mwenzake wa Arizona, akajibu kwamba kila Mkristo mwema anapaswa kumpiga Falwell teke la makalio. Ndivyo alivyosema, na nimelipunguza makali.

Kura ya kunivutia mimi ni ya 1974. Palikuwa na muswada wa kukiruhusu Chuo Kikuu cha Arizona kukopa fedha za kupanua uwanja wa mpira. Baraza la Wawakilishi likaupachikia kifungu cha kuzuia utoaji mimba katika hospitali ya chuo. O'Connor akapinga, na sababu aliyoitoa ni kwamba katiba ya jimbo hairuhusu marekebisho yasiyohusiana na muswada wenyewe. Je, alikuwa anatetea utoaji mimba, au anatetea kanuni kwamba uwanja ni uwanja na hospitali ni hospitali? Alipohojiwa Septemba 1981, mbele ya kamera za televisheni kwa mara ya kwanza katika historia ya mahojiano hayo, alijibu kwa kanuni. Akapita kwa kura 99 kwa 0.

#20 Mrasimu

Uwanja ni uwanja na hospitali ni hospitali. Hiyo ningeibandika ukutani ofisini kwetu.

#21 Mzee wa Ilala

Tusidhani jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Hapa kwetu Tanzania, Damian Lubuva alikuwa Mwanasheria Mkuu, na kwa cheo hicho mtu huketi bungeni, kisha akawa Jaji wa Mahakama ya Rufani, na baadaye mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Tofauti ni kwamba Mwanasheria Mkuu wetu huingia bungeni kwa uteuzi, hapigi goti mbele ya mpiga kura yeyote. O'Connor alibisha hodi mlango kwa mlango. Alipostaafu Januari 2006, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibaki bila hata jaji mmoja aliyewahi kushika nafasi ya kuchaguliwa kwa kura, na mpaka leo iko hivyo.

#22 Kalamu Nyekundu

Asante, Mzee, umenifikisha nilipotaka. Mtu aliyetoka bungeni alionekana ndani ya joho hadi mwisho. Mwaka 2002, katika kesi ya chama cha Republican cha Minnesota, aliungana na wenzake kwamba wagombea ujaji wasizuiwe kueleza misimamo yao, lakini akaandika maoni yake ya pembeni kwamba jimbo linapoamua kuwachagua majaji kwa kura, limejitafutia lenyewe hatari ya kupoteza imani ya watu. Mwaka 2003, yeye na Jaji Stevens waliandika kwa pamoja sehemu kubwa ya uamuzi uliolinda sheria ya kudhibiti fedha za kampeni, na ukiusoma unahisi kuna mwandishi aliyewahi kuziona bahasha hizo kwa karibu. Mwaka huohuo, katika kesi ya udahili wa chuo kikuu cha Michigan, aliruhusu rangi ya mwombaji izingatiwe, akaongeza kwamba anatarajia baada ya miaka 25 jambo hilo halitahitajika. Kuweka ukomo wa miaka ndani ya hukumu ni tabia ya mtunga sheria. Mahakama ilifunga mlango huo Juni 2023, miaka 20 ilipotimia.

#23 Msomi wa Kando

Hapo sikufuati. Ukiamua kuitafuta Seneti ya Arizona katika kila hukumu yake utaiona, kama vile mtu aliyenunua gari jekundu anavyoanza kuyaona magari mekundu kila kona. Alikulia katika ranchi ya Lazy B, mpakani mwa Arizona na New Mexico, katika nyumba ambayo mpaka alipofikia umri wa miaka saba haikuwa na umeme wala maji ya bomba. Alimaliza sheria Stanford mwaka 1952 na ofisi moja kubwa ya mawakili ikamwuliza kama anajua kupiga taipu. Akaenda kaunti ya San Mateo, California, katika ofisi ya mwanasheria wa kaunti, akajitolea kufanya kazi kwanza bila mshahara, akakaa chumba kimoja na karani. Mtu wa maisha hayo anaamua jambo lililo mbele yake, kesi kwa kesi, kwa sababu ndivyo alivyoishi. Hahitaji kuwa amekaa Seneti.

Na kuhusu Babbitt, yeye mwenyewe alipoulizwa baadaye kama alikuwa anamwondoa mshindani, alikana, akasema alikuwa anatafuta kipaji bora kilichopatikana.

#24 Kalamu Nyekundu

Ulitarajia akiri?

#25 Hakimu Mstaafu

Kalamu, mtu akikana unasema ni mjanja, na angekiri ungesema umeshinda. Kwa kanuni hiyo, mahakamani kwangu usingeshindwa kesi hata moja.

#26 Bi Shuwari

Mbona hakuna anayeuliza yeye O'Connor alitaka nini? Mnamzungumzia kama kete ya bao inayosogezwa na Babbitt, Burger na Reagan. Wakubwa walimletea ugavana mkononi mwaka 1978, akasema hapana. Mwaka uliofuata akaomba kiti cha rufani, na kama Wakili alivyoeleza, hakuna anayefika kwenye orodha bila kuomba. Mtu anayekataa ikulu ya jimbo na kuomba chumba chenye majalada ya fidia za wafanyakazi amejua anakoelekea. Alipokuwa Seneti, inasimuliwa kwamba mwenyekiti wa kamati moja, mlevi, alimwambia angekuwa mwanamume angempiga ngumi ya mdomo. Naye akamjibu kwamba angekuwa mwanamume kweli, angeweza. Huyo si mtu wa kusogezwa.

#27 Wakili wa Tudor

Hilo, Bi Shuwari, linaweza kuzigeuza hoja zote. Labda aliyekuwa anamtumia mwenzake si gavana.

#28 Nyikani

Nichangie la mwisho kutoka huku. Nyumba waliyoijenga yeye na mumewe John kule Paradise Valley, ya matofali ya udongo yasiyochomwa, ilivunjwa tofali kwa tofali na kujengwa upya Papago Park, Tempe. Nimepita hapo na watoto. Ni nyumba ya chini, haina makuu, na kuta zake ukizigusa saa nane mchana, jua likiwa kali hivyo, zina ubaridi. Akiwa kiongozi wa wengi alikuwa akiwaalika humo wabunge wa vyama vyote viwili wanaovutana kuhusu muswada, anawapikia chakula cha Kimeksiko, wanakula pamoja, kisha ndipo mjadala unaanza.

#29 Pweza Mkavu

Basi Kalamu, lile tonge la bandiko lako la kwanza lilikuwa linatoka jikoni kwa O'Connor. Hebu angalia tena nani alikuwa anazibwa mdomo.